Wazazi Wangu Wanakwenda Kisiwani

Ijumaa, 13 Machi

Leo wametoka vifaranga mia nne na saba, na mvua ya kwanza ya msimu ilishuka tukiwa katikati ya kuwahesabu.

Nimemaliza shule, nangoja matokeo, na nimeamua kuandika kwa sababu maneno yangu hufika mdomoni yamechelewa. Nyumbani kwetu ni kiwanda cha vifaranga, kama chumba kimoja chaweza kuitwa kiwanda. Mashine ya kutotolesha Baba aliiunda mwenyewe kwa kabati la nguo walilopewa siku ya harusi yao. Alilitoboa matundu, akalitia balbu, feni na trei kumi na sita. Mayai hukaa humo siku ishirini na moja, na kila baada ya saa nne lazima mtu ayageuze kwa mkono, usiku na mchana. Mtu huyo ni Baba au Mama. Akilala huyu, anaamka yule. Harusini huenda mmoja, msibani huenda mmoja. Hata mapacha walipozaliwa, Baba aliingia wodini mbio, akawatazama, akarudi mbio kugeuza mayai. Mambo yao huandikiana kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa kando ya mashine. *Joto sawa. Nimegeuza saa sita. Pacha mkubwa anakohoa. Chakula kipo.*

Leo alikuja mteja tunayemwita Mama wa Kisiwani. Ana nyumba ya wageni huko kisiwani, na kila mwaka huchukua vifaranga hamsini kwa ajili ya mayai ya wageni wake. Alipokuwa akifunga boksi lake akasema, "Chumba kipo. Miaka tisa nawaambia chumba kipo! Njooni mlale, muamke, mwone maji. Sitaki hata senti yenu."

Mama akacheka. "Tutakuja, mwenzangu. Labda wakishakua hawa."

Aliposema hawa alitunyooshea kidole sisi watatu: mapacha, wenye miaka minane, waliokuwa wakimgombania kifaranga mwenye doa, na mimi niliyesimama nyuma ya mlango, kama kawaida yangu mgeni akija.

Nina miaka kumi na minane. Mimi si hawa.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeandika ubaoni, chini ya maneno yao:

*Nendeni kisiwani. Mayai mapya yanaingia tarehe 16, yataanguliwa tarehe 6 Aprili. Baada ya hapo mashine itakuwa tupu. Meli inaondoka Jumatano tarehe 8, mtarudi Jumatano tarehe 15. Mapacha nitabaki nao mimi.*

Nilipopita adhuhuri nikakuta mwandiko wa Baba: *Nani kaandika haya?*

Mama: *Si mimi.*

Nikaandika: *Ni mimi.*

Jioni palikuwa na mstari mmoja tu, wa Mama, mdogo kama kwamba chaki ilikuwa inaona haya: *Siku saba?*

Jumapili, 15 Machi

"Huyu mtoto ametuandikia barua ya kutufukuza kwetu," Baba alisema mezani. Mapacha wakavunjika mbavu. Mama hakucheka. Aliuliza, akiutazama mkono wake, eti huko watu huvaa nini.

Baba akamtazama. "Haya," akasema. "Twende."

Nilichukua simu ya Mama nikajifungia bafuni. Mara mbili nilipiga na kukata kabla haijapokelewa. Mara ya tatu Mama wa Kisiwani akawahi. "Nani?"

"Ni mtoto wao. Yule wa nyuma ya mlango."

"Ahaa! Kumbe una sauti."

Chumba kipo.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Mayai hayajafika. Baba anasema barabara ni tope tupu.

Jumanne, 17 Machi

Hayajafika.

Jumatano, 18 Machi

Hayajafika, lakini amefika Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hupiga hodi akiwa ameshaingia.

"Shikamoo wifi," Mama akasema.

"Marahaba. Eti mnakwenda kuogelea? Nimesikia kwa muuza mkaa. Mimi, dada wa mtu, nasikia kwa muuza mkaa!"

"Karibu ukae, wifi."

"Nikae wapi, na nyumba yenyewe inahamia baharini? Watu wazima, watoto watatu, mwende kugaragara mchangani kama wachumba! Na hawa mnamwachia nani? Huyu?" Akanigeukia. "Huyu, mtu akibisha hodi, anaingia uvunguni!"

"Siku hizi haingii uvunguni, Shangazi," pacha mdogo akanitetea. "Anasimama nyuma ya mlango."

Baba alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Nilingoja aseme neno. Nilidhani ni uchovu.

Mimi nilikuwa na maneno mengi, mazuri, yamejipanga sawasawa, na ulimi ukanata. Shangazi alipoondoka nilikwenda kuandika ubaoni, kwa herufi kubwa: *SIINGII UVUNGUNI.* Mama hakuyafuta. Aliandika joto pembeni yake.

Ijumaa, 20 Machi

Mama amekwenda kwa Shangazi kupimwa gauni la safari. Nilimwambia kuna mafundi wengine mjini. Akasema, "Nataka alishone yeye. Nataka alishike kwa mikono yake."

Mayai hayajafika.

Jumamosi, 21 Machi

Hayajafika. Mvua tangu alfajiri. Mashine ikiwa tupu nyumba ina ukimya wa ajabu. Baba anazunguka chumba kile, anafuta kioo kilekile cha mlango wa mashine.

Jumatatu, 23 Machi

Yamefika. Mia nne na themanini. Tuliyapanga, ncha nyembamba chini, kila moja na alama ya penseli upande mmoja na duara upande wa pili ili tujue lililogeuzwa.

Nilihesabu siku mara tatu kwenye kalenda ya ukutani. Leo ishirini na tatu. Ishirini na moja mbele ni tarehe 13 Aprili. Wazazi wangu watakuwa kisiwani siku ya tano.

"Bahati mbaya," Baba akasema. "Ndiyo barabara zetu."

Akaniwekea mkono begani. Nikaichukia mvua kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 26 Machi

Naiomba radhi mvua.

Leo Baba alikuwa amelala na Mama yuko sokoni, hodi ikapigwa. Pacha mkubwa akanisukuma mgongoni. "Nenda wewe, sisi ni watoto." Alikuwa muuza mayai, yule mwenye baiskeli na koti la plastiki, amekuja kuchukua trei zake tupu. Sijawahi kuzungumza naye. Nikamletea trei. Ili nisisimame tu kama mti, nikamwambia pole kwa barabara, hasa wiki ile aliyokwama.

"Nimekwama wapi?"

"Tarehe kumi na sita. Mayai yalipochelewa."

"Mimi? Mimi nilifika hapa tarehe kumi na sita saa mbili asubuhi, na mvua yake. Baba yako akanirudisha langoni. Kaniambia yarudishe, niletee mengine baada ya wiki. Nikasema mzee, yametagwa juzi haya, mazuri. Akasema yarudishe." Akafunga trei zake kwa mpira. "Nilidhani mmefiwa."

Sikumbuki kama nilimuaga.

Saa kumi Baba aliamka akaenda kugeuza mayai. Nikamfuata. Chumba kile kina joto, kinanuka maganda na vumbi la balbu. Alikuwa kwenye trei ya tano. Nikasimama mpaka nikaona nikisubiri zaidi sitasema kamwe.

"Baba, mayai yalikuja tarehe kumi na sita."

Mkono wake ukasimama hewani. "Nani kasema?"

"Aliyeyaleta."

Akageuza yai moja, la pili, la tatu. "Yule mdomo wake haufungi."

"Kama hutaki kwenda, sema hutaki. Mama ameshapimwa gauni."

"Si kwamba sitaki."

"Basi nini?"

Alirudisha trei ya tano akavuta ya sita, na kwa muda nilidhani ndiyo yamekwisha, kwamba nitajibiwa kwa mgongo. Kisha akaanza kusema bila kunitazama.

"Mimi na mama yako tumezungumza joto na unyevu miaka kumi na sita. Hapa najua la kumwambia. Namwambia joto limeshuka, ananiambia ongeza balbu. Namwambia trei ya tatu ina ufa, ananiambia niliiona. Sasa uniweke naye mchangani siku saba. Hakuna balbu, hakuna yai. Nitamwambia nini?"

Sikujua kwamba mtu mzima huogopa kitu hicho. Nilidhani duniani ni mimi peke yangu ninayetafuta la kusema. Nilimwonea huruma. Lakini hasira nayo ilikuwapo, na safari hii ndiyo iliyotangulia mdomoni.

"Mimi pia sijui la kuwaambia watu. Lakini siwawekei mayai mia nne na themanini njiani."

Hapo akanitazama.

"Yameshaingia," akasema pole pole. "Hayawezi kuzimwa."

"Yasizimwe. Nitayatotolesha mimi."

Akacheka kidogo. Kicheko chake hakikuwa na ubaya, na ndiyo maana kiliniuma. "Mwanangu. Hujawahi kutotolesha peke yako hata yai moja."

"Na wewe ulianza na nani?"

Nilivuta trei ya saba nikaigeuza mwenyewe.

Ijumaa, 27 Machi

Nilimwambia Mama ukweli wa mayai. Alikuwa anachambua mboga.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua barabara haikuwa na kitu. Kuhesabu siku ni kazi yangu pia." Akatupa jani bovu. "Basi tusiende. Amekataa kwa njia yake."

Nimekuwa nikimwona Baba ndiye mwenye kosa na Mama ndiye mwenye kuonewa. Leo nilimkasirikia Mama zaidi. Alijua siku kumi na moja! Akapimwa gauni akijua, akasimama mbele ya Shangazi amenyoosha mikono, akijua.

"Wewe unataka kwenda au hutaki?" nikamuuliza. Sijawahi kumuuliza Mama swali la namna hiyo.

Alivunja shina la mboga. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," akasema, "kwa hiyo usinikazie macho, niache nifikiri."

Jumamosi, 28 Machi

Gauni limeletwa. Shangazi amelishona kwa kitambaa kizuri cha buluu, na lina mikono mpaka kwenye vifundo vya mikono, shingo imefungwa vifungo sita, na urefu wa kufagia sakafu.

"Ndilo gauni la mke wa mtu," Shangazi akasema. "Hata ukizama watajua ulikuwa na heshima zako."

Mama alilivaa. Akajitazama kwenye kioo cha mashine kwa sababu ndicho kioo kikubwa tulicho nacho. Akalivua, akaliweka mezani, akaniambia, "Niletee mkasi."

"Mkasi wa nini, wifi?"

Mama alikata mkono wa kulia begani. Akakata wa kushoto. Kisha akakunja pindo, akapima kwa kiganja chake, akakata. Mkasi ulikuwa butu, ukawa unatafuna. Shangazi alishika kichwa kama anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Vifungo vyangu usiviguse!"

"Vifungo viwili nakuachia, wifi," Mama akasema, akakata vinne.

Alilivaa tena. Magoti ya mama yangu nimeyaona leo, na yana makovu kama ya mtoto.

Kisha akaingia chumbani kwa mashine akaandika ubaoni: *Mimi nakwenda tarehe 8. Ukipenda, twende.*

Jumapili, 29 Machi

Ubaoni hakuna jibu. *Joto sawa. Unyevu sawa.*

Jumatatu, 30 Machi

Hakuna jibu. Muuza mkaa kaniuliza kama ni kweli wazazi wangu wanaachana. Nikamwambia, "Hapana. Wanakwenda pamoja." Nikaondoka haraka na masikio yakiniwaka, lakini nilisema.

Jumanne, 31 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi Baba alinigonga begani. "Amka. Mwanafunzi hachelewi."

Akanionyesha kila kitu kama kwamba sijawahi kukaa katika nyumba hii. Namna ya kusoma kipimajoto kwa jicho lililo sawa nacho. Namna ya kumulika yai kwa tochi na kuona mishipa, na lile lililokufa lenye duara la damu. Siku ya kumi na nane mayai huhamishiwa chini, na baada ya hapo hayageuzwi tena wala mlango haufunguliwi ovyo. Aliniuliza maswali. Nikikosea alisema, "Tena."

Ubaoni, chini ya maneno ya Mama, kulikuwa na neno moja jipya: *Twende.*

Alhamisi, 2 Aprili

Tena. Tena. Tena.

Jumapili, 5 Aprili

Tumeyamulika. Yaliyo hai ni mia nne na thelathini na mbili. Mvua haikatiki. Umeme ulipotea nusu saa, Baba akawasha jenereta huku midomo imemkauka. Nilimwona anavyomtazama Mama, kwamba ameona? Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata kichwa.

Jumatano, 8 Aprili

Wamekwenda.

Baba alibeba begi moja, Mama lingine. Langoni Baba alirudi mara tatu. Mara ya kwanza funguo. Mara ya pili kuniambia kuhusu turubai la kufunikia jenereta. Mara ya tatu alisimama tu.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Ndiyo najaribu kukumbuka."

Mama alikuwa ameshafika barabarani, na mvua, na gauni lake la buluu lisilo na mikono, na koti juu yake. Majirani walikuwa milangoni. Shangazi alikuwa mlangoni kwake na futi ya kupimia nguo shingoni. Mama akainua mkono akawapungia wote, taratibu, nyumba moja moja.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimegeuza yote kwa wakati. Mapacha wamekula, wameoga, wamepigana, wamepatana.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku ya kumi na nane. Nimeyashusha. Hayageuzwi tena. Ukiweka sikio kwenye yai unasikia kama mtu anakuna ukuta kwa kucha.

Jumamosi, 11 Aprili

Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri.

Nilivuta jenereta, haikuwaka. Nikavuta tena. Nikafungua kifuniko nikaona maji yamejaa ndani. Bati la juu yake lilikuwa limepeperushwa na upepo. Turubai la jenereta ambalo Baba alirudi kuniambia lilikuwa limekaa ndani, kavu, mahali nilipolisahau. Hilo ni kosa langu, nalikubali, naliandika hapa.

Kipimajoto kilikuwa thelathini na saba. Nilipomaliza kuamsha mapacha kilikuwa thelathini na sita.

Tukawasha majiko mawili ya mkaa barazani. Tukachemsha maji, tukayatia kwenye chupa zote za nyumbani na madumu mawili, tukayazungushia matambara, tukayapanga ndani ya kabati pande zote. Blanketi zetu zote juu ya mashine. Mapacha walikuwa wakipokezana kukimbia na chupa zilizopoa. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na tano.

Saa tatu Shangazi akaingia. "Moshi gani huu? Mnachoma nyumba?" Akaona. Akakaa kwenye ngazi. "Nilisema. Sikusema? Piga simu warudi. Kesho Jumapili kuna meli ya kurudi."

"Hapana, Shangazi."

"Hapana nini?"

"Sipigi."

Akanitazama kama kwamba kiti kimemjibu. Kisha akatoa simu yake kifuani akapiga mwenyewe. Nilimsikia anamwambia Baba kila kitu, akatia na chumvi, eti nyumba imejaa moshi, watoto wanalia. Hakuna aliyelia. Kisha akanibandika simu sikioni.

"Umeme umerudi?" Baba akauliza.

"Haujarudi."

"Jenereta?"

"Imeingia maji. Nilisahau kuifunika."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Basi. Tunarudi kesho."

"Msirudi."

"We mtoto, unajua unachosema? Mayai yatakufa."

"Mengine yatakufa." Nilikaa sakafuni, simu ikiwa sikioni. "Mkirudi mtafanya nini, Baba? Mtachemsha maji. Maji nayachemsha mimi. Mpaka meli ifike, yatakayokufa yatakuwa yameshakufa, na nyinyi mtakuwa mmerudi bure. Yakifa ni yangu. Utaniandikia ubaoni utakalo. Lakini ukishuka melini kesho, mimi sifungui mlango."

Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Kisha simu ikakatika, sijui kwa kukatwa au kwa mvua.

Nikaenda kubadilisha chupa. Niliporudi barazani nikakuta Shangazi amekunja gauni lake kiunoni anapuliza jiko. "Usinitazame," akasema. "Mkaa wenu mbichi. Na maji haya mmejaza kidogo kama mnachemshia chai ya wageni. Lete sufuria kubwa. Na usidhani nimekubali, kesho nitakwenda kuwapokea bandarini, na nitawaambia ulivyonijibu."

"Waambie, Shangazi."

Alichemsha maji mpaka giza likaingia, na hakuacha kusema hata dakika moja. Sijawahi kusikia kelele iliyonipa nguvu namna ile.

Jumapili, 12 Aprili

Thelathini na tano na nusu.

Saa nne Shangazi alikwenda bandarini na miavuli miwili, mmoja wa Mama, mmoja wa Baba. Yeye mwenyewe akajifunika mfuko wa plastiki.

Nilibaki nikibadilisha chupa na kusikiliza lango. Nilijiambia wakija sitafungua. Nilijua nitafungua. Nitafungua, Baba ataingia moja kwa moja chumbani kwa mashine, Mama atalitundika gauni lile, na hatalivaa tena, na mwakani Mama wa Kisiwani atasema chumba kipo, na Mama atacheka.

Saa sita na robo umeme ulirudi. Feni ikaanza kuzunguka. Mapacha wakapiga kelele wakaruka kitandani. Mimi nilikaa sakafuni mbele ya kabati, nikitazama zile nyuzi za joto zikipanda, nikashindwa kufurahi.

Saa nane lango likalia. Nikasimama katikati ya chumba.

Aliingia Shangazi, peke yake, ameloa mpaka kwenye kope, na miavuli miwili mikavu mkononi.

"Hawakushuka," akasema.

"Hawakushuka?"

"Nimetazama mpaka abiria wa mwisho. Nimetazama mpaka mizigo. Nimepanda juu kumuuliza nahodha."

"Umemuuliza nini, Shangazi?"

"Kama amewasahau!" Akakaa, akavua viatu, akavimimina maji. Kisha akasema, kama anayezungumza na kiatu, "Mdogo wangu hajawahi kukataa kurudi popote. Tangu mtoto. Ukimwita mara moja, kafika." Akakung'uta kiatu cha pili. "Kumbe anaweza."

Mapacha wakaniuliza mbona nalia na umeme umerudi.

Jumatatu, 13 Aprili

Wametoka mia mbili na sitini na tatu.

Ni wachache kuliko mara zote ninazozikumbuka. Mayai mia moja na sitini na tisa hayakufunguka. Nimeyachimbia shimo nyuma ya nyumba mimi mwenyewe, bila kuita mtu. Waliotoka wako sawa, wamekauka, wana kelele kama darasa lisilo na mwalimu.

Mama alipiga saa mbili. Hakuuliza idadi. Aliniuliza kama nimelala, kama nimekula, kisha akaniambia jana Baba alitoka chumbani na begi, wakafika mpaka penye meli, akasimama na begi lake watu wakipanda, akasimama mpaka kamba ikafunguliwa. "Nikamuuliza, unangoja nini? Akasema, nasikiliza kama nitaitwa tena." Nyuma yake nilimsikia Baba akimwita aje aone kitu majini, upesi, kabla hakijaondoka. Mama akasema, "Nakuja!" na simu ikakatwa bila kuagana.

Saa tatu wateja walikuwa wameshajaa uani na maboksi yao. Mapacha walinitazama. Nikalichukua daftari la oda nikatoka, nikasimama mbele ya mlango, nje, chini ya manyunyu, nikawaambia wazi kwamba umeme ulikatika, jenereta niliiacha bila kufunikwa, vifaranga ni pungufu, na kila mtu atapata sehemu ya alichoagiza. Walinung'unika. Sikukimbia.

Wa kwanza alikuwa mwenye mabanda makubwa, aliyeagiza mia moja. Nikampa sitini. Akawatazama, akanitazama, akatazama juu ya kichwa changu ndani ya nyumba.

"Mzee yuko wapi nizungumze naye?"

"Kisiwani, na mkewe."

"Kisiwani! Wanafanya nini huko na mvua hii?"

"Sijawauliza."

"Na kazi wamekuachia wewe?"

"Hawakuniachia. Niliitaka."

Akavuta midomo. "Wanarudi lini?"

"Jumatano. Na wakitaka kuongeza siku, wataongeza."

Alingoja niseme zaidi, niombe radhi labda, au nimwite mtu mkubwa. Nikafunga boksi lake kwa kamba, nikamkabidhi, nikaweka alama kwenye jina lake. Kisha nikainua kichwa, nikaita kwa sauti iliyofika mpaka langoni:

"Anayefuata!"